Kropu au fulufremu? Hesabu za kufanya kabla hujauza kamera yako

Wiki haipiti bila ujumbe wa namna hii kuingia: "Shikamoo dada, nina Canon ndogo, nimeanza kupata harusi mbili tatu, nataka kupanda fulufremu. Ninunue ipi?" Wengine wanatuma na picha ya bodi (kamera bila lenzi) iliyolazwa juu ya shuka la mtu, bei pembeni, na muuzaji anataka jibu jioni hiyohiyo. Nimejibu hili swali mpaka nimechoka. Naliandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hapa.

Napiga picha za harusi Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni shughuli za wanawake: singo (kumsugua na kumremba bi harusi), kesha la hina, kumtoa bi harusi. Vyumba vya mtaa wa Ngamiani unavijua. Kitanda, kabati, mashangazi sita, balbu moja, na somo, yule mwalimu wa mwari, ambaye hataki kusikia habari ya flashi kumpiga mwari machoni. Miaka mingi nilifanya kazi hiyo kwa kropu, yaani kamera yenye sensa ndogo kuliko ya fulufremu. Leo natembea na bodi mbili, moja kropu, moja fulufremu, na sina hata moja ninayoiuza.

Nadharia nitakupa aya moja tu. Sensa, na si ile ya kuhesabiwa Agosti 2022, ni kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Fulufremu ni milimita 36 kwa 24, sawa na kipande kimoja cha filamu tulizokuwa tukipeleka studio kusafishwa. Kropu ya Nikon, Sony na Fujifilm ni kama 23.5 kwa 15.6, na ya Canon ni ndogo kidogo zaidi, 22.3 kwa 14.9. Kwa hiyo kropu inaona kipande cha katikati tu cha picha ambayo fulufremu ingeiona kwa lenzi ileile. Namba ya kuzidishia milimita za lenzi ni 1.5, na kwa Canon ni 1.6. Ishike, tutaitumia.

Andaa hivi kwanza

- Kamera yako ya sasa na lenzi zote, hata ile uliyoitupa kabatini.
- Picha za kazi zako tano za mwisho, pamoja na ulizozikataa. Zilizokataliwa ndizo muhimu zaidi.
- Kompyuta au simu inayoonyesha taarifa za picha: aiso (wepesi wa kamera kupokea mwanga), kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia), tundu la lenzi (namba ya f: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), milimita (lenzi inavyoona, karibu au mbali).
- Daftari na kiasi halisi cha pesa ulichonacho mkononi. Ya mchezo (upatu) ambayo zamu yako bado, usiihesabu.
- Tochi ndogo na kadi ya kumbukumbu tupu, kwa siku ya kwenda kukagua.

Hatua ya 1: Zihukumu picha zilizoharibika

Zipange mafungu manne: zenye chenga kwa sababu ya giza, zilizotikisika, zilizokosa fokasi, na zile ulizoshindwa kupata upana au umbali unaoutaka. Hesabu kila fungu. Halafu fungua taarifa za kila picha na uandike namba zake.

Nikupe mfano wangu mwenyewe. Kesha la hina, nyumba moja barabara ya 12. Mwari amenyoosha mikono juu ya mto, piko (ile rangi nyeusi ya kuchorea) bado mbichi inameremeta, na mchoraji anamalizia ua la mwisho kwenye kidole cha pete. Nikapiga. Kufika nyumbani, ile ngozi ya mkono ina chenga kama televisheni ya mtungi wakati mvua inanyesha, na mistari ya piko imeyeyukiana. Nikalaumu kamera. Nilipoangalia namba: lenzi ya 18-55 iliyokuja na bodi, nimeivuta hadi 55, tundu f/5.6, shata 1/60, aiso 6400. Kamera ilikuwa haina kosa. Ile f/5.6 ndiyo iliyokuwa inakaba mwanga.

Ndiyo maana nasema usiruke hatua hii. Kama fungu kubwa kwako ni la fokasi, au la kutikisika mchana kweupe, sensa kubwa haitakusaidia kitu. Ongeza kasi ya shata, jifunze kuchagua nukta moja ya fokasi, na pesa ibaki benki.

Hatua ya 2: Jaribu dawa ya bei ndogo kwanza

Hii ndiyo hesabu ninayotaka uondoke nayo. Kutoka f/5.6 kwenda lenzi ya 50 yenye f/1.8, mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara 10. Kutoka kropu ya Canon kwenda fulufremu kwa tundu lilelile, faida yako ni kama mara 2 na nusu. Kwa Nikon na Sony ni mara 2 na robo. Rudi kwenye ile picha ya hina: kwa f/1.8 ningepiga kwa aiso 640 badala ya 6400. Kwa kubadili bodi peke yake na kubaki na f/5.6, aiso 6400 yangu ingefanana na 2500 ya kamera ya zamani. Nafuu ipo, ila si nafuu ya kuuzia vyombo vya ndani.

Lenzi ya 50 f/1.8 ndiyo ya bei ndogo kuliko karibu zote zenye tundu kubwa, na karibu kila kampuni inayo. Canon yake ya STM ina gramu 160, unaisahau mfukoni. Ubaya wake kwenye kropu ni kwamba 50 mara 1.6 inaona kama 80, kwa hiyo kwenye chumba kidogo utarudi nyuma hadi mgongo ugote kabati na bado kichwa cha bibi kimekatika. Kwa vyumba hivyo tafuta 35, au ile 24 f/2.8 nyembamba ya Canon kama bodi yako ni kropu ya Canon inayopokea lenzi za EF-S. Mwenye Nikon ndogo, 35 f/1.8 ya DX (jina la kropu kwa Nikon) ni rafiki mkubwa.

Dawa ya pili ni flashi ya kupachika juu, iliyoelekezwa darini na si usoni kwa mtu. Dari jeupe la jipsamu linageuka dirisha kubwa. Tahadhari: ukumbi uliotandazwa vitambaa vya zambarau juu utakurudishia bi harusi wa zambarau, na nyumba isiyo na dari mwanga wote unapotelea kwenye mabati. Hapo geuza flashi kwenye ukuta mweupe wa pembeni.

Piga kazi mbili kwa dawa hizi. Fungu la chenga likipungua hadi ukaridhika, mwongozo umeishia hapa kwako.

Hatua ya 3: Zidisha lenzi zako

Chukua daftari. Kila lenzi, andika milimita zake, zidisha kwa 1.5 au 1.6. Ile 18-55 ya Canon inaona kama 29-88. Ile 55-250 inaona kama 88-400.

Sasa jiulize kazi yako inataka upande gani. Ukikaa nyuma ya goli pale uwanja wa Mkwakwani Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, wanacheza, 400 ni neema. Ukihamia fulufremu, lenzi ya 250 inaona kama 250 tu, na mshambuliaji aliye upande wa pili anabaki punje. Vivyo hivyo kwa anayekwenda msitu wa Amani kupiga ndege na vipepeo. Utasema utakata picha kompyutani. Kata, lakini fulufremu ya megapikseli 24 ukiikata ifanane na kropu unabaki na kama 10 tu, wakati kropu ya 24 ingekupa 24 zote.

Upande wa pili, ukiwa ndani ya chumba cha mwari au ndani ya mapango ya Amboni, unatafuta upana. Hapo lenzi ya 24-70 kwenye fulufremu inakupa 24 ya kweli, na kwenye kropu ya Canon inaanza kuona kama 38. Mashangazi wawili wako nje ya picha, na mmoja ndiye aliyelipa.

Hatua ya 4: Ujue lenzi zipi zitahama nawe

Hapa ndipo watu wanalia.

*Canon za kioo (DSLR, zenye kioo cha kuakisi ndani).* Lenzi zenye alama EF zinaingia kwenye kropu na kwenye fulufremu. Zenye EF-S ni za kropu tu: hazifungi kwenye fulufremu kama 6D wala 5D. Usilazimishe, na usimsikilize fundi atakayekwambia "tunalisaga kidogo hapa nyuma". Kioo cha ndani kinaweza kugonga lenzi.

*Canon za R (zisizo na kioo).* Kwa adapta, EF zinafanya kazi vizuri sana. EF-S nazo zinafunga, lakini kamera inakata picha yenyewe na megapikseli zinaporomoka. Kwenye EOS RP ya megapikseli 26 unabaki na kama 10.

*Nikon za kioo.* Lenzi za DX zinafunga kwenye fulufremu zao, na kamera inajikata vilevile. Angalia pia lenzi za zamani za AF-D: kwenye bodi za D3000 na D5000 hazifokasi zenyewe kwa kuwa bodi hizo hazina mota, ila kwenye D610 na D750 zinafokasi. Kuna watu wamerithi AF-D nzuri kwa wajomba zao, zimekaa droo bure.

*Sony.* Za A6000 na za A7 zinafungana. Lenzi ya kropu kwenye A7, mkato uleule.

*Fujifilm.* Hawatengenezi fulufremu. Wana kropu, halafu wanaruka kwenye sensa kubwa zaidi ya fulufremu. Ukitaka fulufremu, unahama na lenzi zote zinabaki nyuma.

Pigia mstari lenzi zitakazohama kweli. Ikiwa hakuna hata moja, usijidanganye kwamba unapandisha kamera. Unaanza upya.

Hatua ya 5: Bajeti ya mzigo wote, siyo ya bodi

Kanuni yangu ni hii, na wenzangu wengine hawakubaliani nayo: bodi isile zaidi ya nusu ya pesa yako. Nusu ya pili ni lenzi moja nzuri, betri ya akiba, kadi, na flashi kama huna. Ukiwa na pesa ya bodi peke yake, bado hujafikia kununua fulufremu. Fulufremu yenye lenzi ya f/5.6 gizani inapigwa na kropu yenye 35 f/1.8, nimeshuhudia ukumbini, mwenye kamera kubwa akaja kuniuliza nimetumia nini.

Weka na uzito kwenye hesabu. Lenzi ya Canon 24-70 f/2.8 toleo la pili ina gramu 805, bodi na flashi bado. Harusi inayoanza saa nane mchana na kuisha saa saba usiku, mkono utakwambia.

Mafaili watu wanayahofia bure. Ukubwa wa faili unafuata megapikseli. 24 za kropu na 24 za fulufremu zinajaza kadi karibu sawasawa.

Kwa wa harusi naongeza sharti moja: nafasi mbili za kadi. Singo hairudiwi. 6D ya 2012 na RP zina nafasi moja. 5D Mark III ya 2012, D750 ya 2014 na A7 III ya 2018 zina mbili. Mimi ningechukua D750 iliyochoka kidogo kuliko RP mpya kwa kazi hii, kwa sababu hiyo tu.

Na kama unarekodi video, uliza kabla hujalipa: RP ikiwa kwenye 4K inakata picha kiasi cha kropu, na 6D Mark II haina 4K ya video ya kawaida. Umenunua upana, video ikakunyang'anya.

Hatua ya 6: Azima au kodi, kisha jaribu chumba kilekile

Muombe mpigapicha mwenzio siku moja, au kodi Dar ukienda kwa shughuli zako. Usiijaribie ufukweni Raskazone saa kumi na moja jioni. Pale hata simu inatoa picha nzuri. Ijaribu usiku, sebuleni kwenu, balbu moja, na mtu mmoja amekaa. Bodi zote mbili, lenzi ileile kama inafungika kote, tundu lilelile, shata ileile, aiso 1600, 3200, 6400. Bodi ya kropu isogeze nyuma ili mtu atoshe sawa kwenye picha zote. Zifungue kompyutani kwa ukubwa ambao mteja wako ataziona: albamu, au simu. Hapo ndipo wengi wanagundua tofauti waliyoiona wakikuza mara nne, kwenye albamu haipo.

Hatua ya 7: Ukinunua iliyotumika, kagua bila haya

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Niliwahi kulipa nikiwa na haraka, muuzaji anawahi basi, nikafika nyumbani nakuta lenzi ina utando ndani kama wa buibui. Kwa hiyo:

1. Washa tochi, ipitishe ndani ya lenzi kutoka nyuma. Nyuzi nyeupe ni ukungu, na pwani yetu hii unaipenda kama nzi anavyopenda samaki wa papa.
2. Fungua mlango wa betri na tazama reli ya flashi juu. Ukijani au unga mweupe maana yake chumvi imeshaingia. Bodi iliyokuwa ikipiga picha madauni kila siku, iache.
3. Weka f/16, piga mbingu au ukuta mweupe nje ya fokasi. Vidoadoa ni vumbi la sensa, linasafishika. Mistari au nukta zinazowaka rangi, hapana.
4. Uliza imepiga mara ngapi. Shata ya 6D ilipimwa kwa mara 100,000, za 5D Mark III na D750 kwa 150,000. Ikizidi siyo kwamba inakufa kesho, lakini bei ishuke.
5. Ijaze kadi yako tupu kwa picha mfululizo, zima, washa, badili lenzi, rudia.

Muuzaji akikukataza hata moja kati ya hizi, mshukuru uondoke.

Hatua ya 8: Amua

Mpira, ndege, picha za pasipoti, matangazo ya biashara ya mtandaoni kwa taa zako mwenyewe: baki kropu, weka pesa kwenye lenzi. Harusi za usiku, vyumba vidogo, flashi hairuhusiwi, na tayari una lenzi ya f/1.8 au f/2.8 lakini aiso bado inagonga 6400 kila wikiendi: hapo fulufremu itakulipa. Anayetaka ukungu laini nyuma ya bi harusi, ataupata zaidi kwenye fulufremu, kweli, ila 85 f/1.8 kwenye kropu nayo inamfikisha mbali.

Bodi ya zamani usiiuze mwezi wa kwanza. Beba zote mbili. Mimi yangu sijaiuza mpaka leo: ina 85, fulufremu ina 35, na sibadili lenzi kwenye vumbi la udi.

Mambo yakikwama

*Pembe za picha ni nyeusi.* Lenzi ya kropu iko kwenye fulufremu na mkato umezimwa. Uwashe kwenye menyu, au badili lenzi.

*Picha zimekuwa ndogo, megapikseli 10.* Kinyume chake: mkato umejiwasha, au uliuwasha mwenyewe ukasahau. Angalia menyu kwanza kabla ya kumpigia muuzaji.

*Jicho moja kali, jingine limefifia.* Fulufremu kwa f/1.8 karibu na mtu, fokasi inakuwa nyembamba kama kiwembe. Nenda f/2.8, na picha ya familia nzima nenda f/5.6 na flashi. Usiogope.

*Chenga bado zipo.* Tazama kama unapiga picha nyeusi kisha unaiangaza kompyutani. Pandisha aiso pale pale. 6400 yenye mwanga wa kutosha ni safi kuliko 1600 iliyovutwa baadaye.

*Lenzi ninayoizoea imekuwa fupi.* Haijawa. Ulizoea kuiona kwa 1.6. Sogea karibu, au ndio ile bodi ya zamani niliyokwambia usiiuze.

*Madoa angani kwenye picha za bahari.* Vumbi. Tumia kipulizo cha mpira, kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yakikaukia kwenye sensa hutayatoa kwa kipulizo.

*Lenzi imejaa mvuke kutoka ukumbi wa kiyoyozi kwenda nje.* Iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa kabla hujaitoa. Ukiifuta, inajaa tena. Na mkobani weka vile vifuko vya silika unavyovitupa ukinunua viatu, ukivibadilisha kila vikilowa. Kwa joto la Machi hapa Tanga, vinalowa haraka.